Bunduki ya Ubao wa Wageni

Delmar Tollefson alipoamua kuukata ubao wa wageni, aliuweka kwanza juu ya meza akautazama kwa muda, kama mtu anayengoja kukatazwa. Hakuna aliyemkataza. Ulikuwa ubao wa mjozi, wa kahawia iliyokolea, ule unaochomekwa katikati ya meza ya kulia ili meza irefuke watu wakija. Tangu afariki Verna, mkewe, meza ile haikuwa na sababu ya kurefuka. Ubao ulisimama nyuma ya mlango wa stoo ukila vumbi, na Delmar hakuwa mtu wa kutupa kitu. Akaubeba hadi bandani, akaupasua vipande vitatu, akavigandisha kimoja juu ya kingine ili apate unene. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mti wa bunduki yake, ile sehemu ya mbao inayoegemea begani.

Bunduki ya kupiga mbali, ukiikuta dukani imekamilika, bei yake ni bei ya trekta kuukuu, na trekta kuukuu Delmar alikuwa nayo tayari, tena ilimtosha kwa dhiki. Kwa hiyo yake aliiunda mwenyewe, haba na haba. Kile kiwiliwili cha chuma, pale risasi inapokaa na komeo linapofunga, alikitoa katika bunduki ya jeshi aliyorudi nayo babu yake kutoka vitani. Darubini ya juu aliipata kwa mtu aliyeikwaruza pembeni akaona haya kuonekana nayo. Kazi ya kukereza, isiyofanyika bila mashine, alifanyiwa na fundi wa mjini kwa marobota ya nyasi. Mtutu ndio uliokuwa mpya, na mtutu ulinunuliwa na Verna.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Watu wa pande hizi za Montana wameishi maisha yao yote wakibishana na methali hiyo, ingawa hawajawahi kuisikia. Kila Oktoba, baada ya ng'ombe kuteremshwa na kabla theluji haijashika, hukusanyika kwenye bonde lililo nyuma ya mji wa Harlan Fork kupiga mabamba ya chuma yaliyopangwa kupanda mlima. La karibu hata mlevi hulipata. La mwisho, lililopakwa chokaa, liko maili moja kamili. Delmar na Verna walikwenda miaka yote na bunduki ya kuwindia ya baba yake Verna, bunduki nzuri, lakini pumzi yake iliishia katikati ya mlima. Walimaliza mabamba yao, wakakunja mkeka, wakakaa kwenye pikapu wakinywa kahawa ya chupa na kuwatazama wenzao wakiendelea.

"Mwaka ujao," Verna alikuwa akisema kila walipowasha gari kurudi.

Mwaka mmoja alichoka na neno lake mwenyewe, akauza cherehani yake nzuri, akarudi na mtutu umefungwa kwenye shuka. Akausukuma chini ya kitanda. Ulikuwa bado huko alipopelekwa hospitali mjini Billings, na huko hospitali, siku ambayo sauti ilikuwa bado inamtii, alimwambia mumewe aimalize ile bunduki. Delmar akasema ataimaliza. "Sikusema uimalize uitundike ukutani," Verna akamwambia. "Uipeleke."

Hilo ndilo lililobaki duniani la kumtoa Delmar kitandani asubuhi. Hawakujaliwa watoto. Ng'ombe walikuwa wamepungua. Alikuwa na ahadi moja, nayo ilikuwa na tatizo ambalo alilizunguka kila siku kama mtu anavyozunguka shimo uani mwake.

Pale bondeni kuna kanuni, na kanuni hiyo haina msamaha: hakuna anayelala kwenye mkeka kupiga bila mwenzake nyuma yake. Sababu ni ya kawaida tu. Bunduki ikilia huruka, na mpigaji hupoteza macho yake kwa muda huohuo ambao risasi inahitaji kutazamwa. Mwenzake ndiye hukaa nyuma na darubini kubwa ya miguu mitatu, akasoma upepo kwenye majani, akamwambia mpigaji aelekeze wapi. Kisha husema, "Tuma." Kabla ya neno hilo hakuna anayegusa triga. Na baada ya risasi kufika, ni yeye anayesema imeangukia wapi.

Verna hakuwa akisema "Tuma." Alidai ni neno la watu wa posta. Yeye alisema, "Iache iende," taratibu, kama anamwambia mtu afungue mlango wa zizi. Miaka yote Delmar hakuwahi kupiga kwa neno jingine. Siku hizi alikuwa akisimama kwenye dirisha la jikoni asubuhi, anatazama nyasi, anasema kwa sauti, "Upepo unatoka kushoto, mdogo." Halafu anangoja. Upweke humfanya mtu mjinga kwa namna zake, na hiyo ilikuwa namna ya Delmar.

Mti wa bunduki ulipokwisha kuchongwa na kupigwa msasa hadi ukawa laini, ilibaki kazi ya gundi. Chuma hakilali vizuri ndani ya mbao. Lazima umimine gundi ngumu, ile ya kuchanganya kutoka chupa mbili, ukilaze chuma humo, gundi ikauke na kushika umbo lake bila mwanya hata wa nywele. Delmar alichanganya, akamimina, akalaza chuma, akafunga kwa mipira ya tairi, akafuta iliyomwagika kwa kitambaa. Kazi safi. Akaenda kulisha ng'ombe akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja muda mrefu.

Siku ya pili alifungua mipira akavuta, lakini chuma hakikutoka. Akagonga kwa nyundo ya mbao, kimya. Akagonga zaidi. Ndipo alipoliona kopo la nta juu ya rafu, limefunikwa, halijaguswa, akakaa juu ya ndoo.

Kabla ya gundi, chuma hupakwa nta. Kila mtu anajua. Nta ndiyo inayozuia gundi isishike, ili umbo libaki na chuma kitoke. Bila nta, umegandisha bunduki kwenye mbao mpaka siku ya kiyama. Delmar alijua hivyo tangu ujana wake, lakini katika nyumba ile nta ilikuwa kazi ya Verna. Waliporekebisha bunduki ya baba mkwe, yeye alichanganya na Verna alipaka, kwa kidole, hadi kwenye tundu za skrubu. Mikono yake Delmar ilikuwa haijawahi kufanya kazi ile, basi haikuikumbuka. Alilia pale juu ya ndoo, na wala si kwa sababu ya bunduki peke yake.

Dawa ya kosa hilo ni baridi. Chuma kikipoa sana husinyaa, mbao haisinyai kama chuma, na gundi ikibanwa kati ya hivyo viwili hukubali kuachia. Laiti ingekuwa Januari angeiweka tu barazani. Lakini ilikuwa mwanzo wa Septemba, joto la kuyeyusha lami, na friza ya Delmar ilikuwa kale kadroo ka juu ya friji, kanakotosha mbaazi na barafu. Friza ya kulaza bunduki nzima aliijua moja tu. Ilikuwa ng'ambo ya kijito, kwa Orrin Haugen.

Na kwa Orrin Haugen Delmar alikuwa hajakanyaga tangu mazishi.

Walikuwa marafiki, hao wawili, wa kuazimana matrekta bila kuulizana. Orrin hakuwahi kuoa. Chakula cha Jumapili alikula kwenye meza ya Verna, na ni yeye aliyekaa mbele ya ubao wa wageni kuliko mgeni mwingine yeyote. Kisha Verna akafa, na wiki ileile ya mazishi, mabakuli ya viazi vya kuoka ya wanawake wa kanisani yakiwa bado hayajarudishwa, Orrin akasimama mlangoni na kofia mkononi akaomba darubini ya Verna, ile ya miguu mitatu. Eti kama Delmar haitumii, angependa kuichukua. Delmar hakumbuki alijibu nini. Anakumbuka tu kwamba aliufunga mlango, na kwamba tangu siku hiyo wakikutana barabarani waliinuliana kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama watu wasiofahamiana.

Alikaa na bunduki iliyoganda siku kadhaa. Kiburi kilimshikilia upande mmoja na ahadi upande mwingine. Mwishowe akaifunga kwenye ile shuka ya mtutu, akaiweka kwenye pikapu, akavuka kijito.

Orrin alikuwa uani anatengeneza uzio. Aliitazama pikapu, akamtazama mwenyewe, akaendelea kushika koleo la waya. Delmar akafunua shuka. Orrin akaisogelea bunduki, akakivuta chuma, akaitikisa, akainama kutazama ukingo wa gundi.

"Nta?" akauliza.

"Nilisahau."

Orrin akaipima bunduki mikononi. "Hii si bunduki tena, mzee. Hii ni ndoa ya kanisani."

Delmar alitaka kucheka, mdomo ukakataa. Wakaingia ndani. Friza ilikuwa kwenye chumba cha nyuma, ndefu na nyeupe, imejaa nyama ya mawindo ya mtu mmoja asiye na wa kumsaidia kula. Orrin alitoa vifurushi, akavirundika sakafuni, wakailaza bunduki juu ya vilivyobaki. Akafunga mfuniko akaukalia, maana mpira wake ulikuwa umechoka. Hakumkaribisha kahawa. Alimwambia arudi kesho.

Kesho yake waliitoa ikifuka moshi wa baridi. Orrin aliishika upande wa mtutu, Delmar akagonga chini ya mti kwa nyundo ya mbao mara moja. Kukasikika mlio mkali kama kuni mbichi motoni, na chuma kikainuka. Ndani ya mbao gundi ilikuwa imebaki safi, kila kona ya chuma cha babu imechorwa humo. Walibaki wameinamia kazi ile, vichwa vikikaribia kugusana, na kwa kitambo hicho hakuna aliyekumbuka ugomvi.

"Mbao nzuri," Orrin akasema. Akapitisha kidole gumba pembeni, akasimama palipokuwa na alama nyeupe ya duara, ya kikombe cha moto kilichowekwa bila kisahani miaka hiyo. "Huu si ubao wa meza?"

"Ndio."

"Hiki kikombe ni changu. Alinigombeza mwezi mzima."

Delmar alianza kufunga shuka. Alishukuru, kwa ufupi, akabeba vyake hadi garini. Orrin akamfuata na kusimama upande wa dirisha.

"Oktoba unakwenda na nani?"

"Watanielewa. Wananijua."

"Hawatakuelewa. Walimrudisha hata mchungaji." Orrin akakwangua matope ya mlango wa gari kwa ukucha. Shingo ilikuwa imemwiva kwa haya. "Delmar, ile darubini. Mimi sikuitaka. Nikaifanyie nini, nitazame ng'ombe wangu? Verna ndiye aliniambia niichukue."

Delmar aliuachia ufunguo wa gari.

"Nilikwenda kumwona huko Billings, wewe ulikuwa umerudi kulisha. Akaniambia, 'Delmar hataomba mtu. Hata akiwa anazama hataomba. Wewe chukua darubini, ukae nyuma yake.' Ndiyo nikaja kuichukua."

"Mbona hukusema hivyo?"

"Ulinifungia mlango kwenye sentensi ya kwanza, bwana. Hiyo ilikuwa ya pili."

Ungedhani hapo wangekumbatiana. Watu wa kwao hawakumbatiani, na Delmar alikuwa mgumu hata kwa kipimo cha huko. Aliwasha gari akaondoka. Njiani alimkasirikia Orrin, kisha akamkasirikia Verna, kwamba alimpangia mambo na mtu mwingine kitandani pa kufia kama anagawa paka. Alipofika nyumbani hasira ilikuwa imekwisha na hakuwa na kitu cha kuweka mahali pake.

Alimaliza bunduki. Aliupaka mti mafuta ya kitani, akafunga skrubu, akapitisha noti ya dola kati ya mtutu na mbao, toka mwanzo hadi mwisho, kuhakikisha havigusani popote, kama wafanyavyo wote wa kazi hiyo. Noti ilipita bila kukwama. Ilikuwa nzuri kweli. Aliyeiona bila kuambiwa asingejua kwamba ni vita, meza na nyasi za ng'ombe. Alitamani kumwonyesha mtu.

Asubuhi moja yenye utulivu aliegemeza bamba kuukuu kwenye kilima cha mbali cha malisho, akarudi upande wa nyumba, akalala kwenye mkeka. Alijisomea upepo mwenyewe. Alijiambia mwenyewe apige, kwa sauti ndogo, akaona aibu. Akapiga. Bunduki ikaruka, kilima kikapotea kwenye kioo, na kilipotulia tena hakukuwa na vumbi wala mlio. Akapiga tena, ikawa vilevile. Akapanda pikapu akavuka malisho hadi kwenye bamba. Halikuwa na alama. Akatafuta kwenye majani, kulia, kushoto, nyuma, chini. Kilima ni kikubwa na risasi ni ndogo. Huenda alikosa kwa shubiri, huenda kwa uwanja mzima. Hakukuwa na namna ya kujua, na hapo kilimani, amesimama na kofia mkononi, Delmar aliona wazi kwamba ndivyo alivyokuwa akiishi. Alifanya mambo na hakuna aliyemwambia yameangukia wapi.

Aliteremka moja kwa moja hadi nyumbani, akaitoa darubini ya Verna kabatini na miguu yake mitatu, akavuka kijito. Orrin hakuwepo. Akaiweka barazani, kwenye kiti, akaifunika kwa koti lake isinyeshewe. Hakuacha ujumbe. Darubini ilikuwa ujumbe wa kutosha.

Siku ya Oktoba bonde lilijaa pikapu na moshi wa soseji. Orrin alikuja na gari lake mwenyewe, darubini begani, amelivaa koti la Delmar.

"Nilijua hutalirudia," alisema.

Walipiga mabamba ya karibu. Orrin hakuwa hodari. Alichelewa kusoma upepo, akachanganya kulia na kushoto mara moja, na Delmar akamuuliza kama mkono wa kulia ni ule anaolia chakula au ule anaojikunia. Lakini bunduki ilikuwa tulivu, na walipanda mlima bamba kwa bamba, hadi likabaki lile jeupe. Maili moja. Risasi mbili kwa kila jozi. Watu waliokunja mikeka yao walikuja kusimama nyuma, na wengi walimjua Verna.

Delmar akalala. Akaweka shavu juu ya mjozi, karibu na alama ya kikombe. Nyuma yake alimsikia Orrin akipumua, akihangaika na darubini.

"Upepo toka kushoto," Orrin akasema. "Ongeza kidogo. Tena. Hapo." Kisha, "Tuma."

Kidole hakikwenda.

"Tuma," Orrin akasema tena.

Delmar aliliona bamba vizuri kabisa. Mkono ulikuwa imara. Lakini kidole kilikuwa kinangoja, na yeye mwenyewe alijua kinangoja nini. Nyuma mtu akakohoa. Upepo ukabadilika, nyasi zikalala, zikainuka.

Orrin akasogea karibu, akainama. "Yeye alikuwa anasemaje?"

"Iache iende."

 Delmar aliogopa kwamba atalisema, na aliogopa kwamba hatalisema.

"Hilo siwezi kulisema, mzee," Orrin akamwambia polepole. "Ni lake. Mimi nitakuambia langu." Akarudi kwenye darubini. Akasoma upepo upya, kwa makini, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. "Punguza kidogo. Hapo hapo. Delmar. Tuma."

Delmar akapiga.

Bunduki ikaruka, mlima ukapotea. Akafunga macho kabisa, kwa kuwa yake hayakuwa na kazi tena. Alingoja kama alivyokuwa akingoja miaka yote, shavu kwenye mbao, akisikiliza. Sauti ya chuma kutoka maili moja huchelewa. Unaweza kuvuta pumzi na kuitoa kabla haijafika. Akavuta, akatoa. Bonde lilikuwa kimya.

"Umekosa," Orrin akasema.

Delmar akafungua macho.

"Umekosa kulia, kama upana wa mlango. Juu chini uko sawa. Nimeona vumbi. Ni mimi nilikupunguzia vibaya."

Tangu Verna afe, hakuna mtu aliyemwambia Delmar Tollefson kwamba amekosa. Walimwambia pole, walimwambia anaendelea vizuri, walimwambia Mungu ana mipango. Aliweka paji la uso juu ya ubao wa wageni na mabega yakaanza kumtikisika, na waliosimama nyuma hawakujua kama anacheka au analia, maana hata yeye hakujua.

"Bado una moja," Orrin akasema. "Usinililie kwenye bunduki, itashika kutu."

Delmar akajifuta kwa mkono wa shati. Akavuta komeo, ganda la risasi likaruka likaanguka kwenye majani, akaingiza ya pili, akafunga. Akalaza shavu.

"Nambie," akasema, na akatulia kusubiri neno.